Jinsi ya Kutoa Stadi Iliyokatika Ndani ya Injini

Miongoni mwa madhara madogo yanayoipata motakaa, ni machache yawezayo kumtia mwenyewe hasara kubwa kama stadi iliyokatika ndani ya injini. Stadi ni kipande cha chuma cha pua, mfano wa msumari usio na kichwa, chenye hesi katika ncha zote mbili. Hesi ni ile mifuo inayozunguka, ambayo ndiyo nati hukazwa juu yake. Ncha moja ya stadi huingia katika mwili wa injini, na ncha ya pili hutokeza nje ikapokea nati. Kwa njia hiyo bomba la moshi na vifaa vingine vingi hushikamana na injini.

Stadi moja mpya ni kitu cha bei ndogo dukani. Lakini ya zamani ikikatika, nusu yake ikabaki ndani, na fundi akajaribu kuitoa kwa pupa, yaweza kuharibika hedi nzima, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda. Hapo mwenye matatu hupoteza mapato ya siku nyingi, dereva na kondakta hukaa bila kazi, na fundi hupoteza jina lake. Kwa hiyo yafaa wenye motakaa wajue kazi hii hufanywaje, hata kama hawatashika spana wao wenyewe. Naye kijana anayejifunza ufundi yampasa ajue sababu ya kila hatua, si hatua tu.

MAHALI KAZI HII INAPOFANYWA

Mjini Nairobi hapiti siku bila ya stadi kung'olewa mahali fulani. Katikati ya mji, kandokando ya Mto Nairobi, iko Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Grogan Road kwa jina la mlowezi Ewart Grogan. Wakazi wengi wangali wakipaita Grogan. Huko yako maduka ya vipuri na ya vyombo vya kazi, na wako mafundi wa kila namna. Upande wa magharibi, mtu akifuata Ngong Road afika Dagoretti Corner, na akifuata Waiyaki Way apita Westlands mpaka Kangemi na Uthiru. Kati ya njia hizo mbili pana mtaa wa Kawangware. Mahali pote hapo zimo gereji za jua kali, zilizopata jina hilo kwa kuwa mafundi wake walifanya kazi mchana kutwa bila paa juu ya vichwa vyao.

Kazi za namna hiyo zilidharauliwa zamani. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walichunguza habari za ajira katika Kenya, na taarifa yao ikaonyesha kwamba watu hao wana manufaa makubwa kwa nchi. Mwaka 2012 ikatungwa sheria maalumu ya biashara ndogo na ndogo zaidi. Hata hivyo fundi wa jua kali bado hufanya kazi zilizo ngumu kwa vyombo vichache, na kwa sababu hiyo maarifa yake hayana budi kuwa mengi.

KWA NINI STADI HUKATIKA

Sababu ya kwanza ni moto. Stadi zinazoshika bomba la moshi hupata joto la mamia ya digrii injini inapofanya kazi, kisha hupoa inapozimwa. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa hujikunja. Motakaa itokayo katikati ya Nairobi kwenda Uthiru hupanda zaidi kuliko inavyoshuka, tena mara nyingi hupanda ikiwa imejaa watu. Jioni hurudi, na kesho huanza tena. Stadi iliyotanuka na kujikunja hivyo kwa miaka mingi hatimaye huchoka.

Sababu ya pili ni kutu. Watu wengi hudhani kwamba kutu hupunguza tu chuma. Kumbe kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikiota ndani ya tundu jembamba la hesi, hujaza kila mwanya na kuibana stadi.

Sababu ya tatu ni kukutana kwa madini mawili. Hedi nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa alumini, ilhali stadi ni ya chuma cha pua. Maji yakiingia kati yake, madini hayo hulana polepole, na unga mweupe hufanyika ambao hushika kama saruji. Jambo hili huonekana sana karibu na njia za maji ya kupozea injini, hasa kwa wenye kutia maji matupu ya bomba bila dawa ya kuzuia kutu.

Sababu ya nne ni mkono wa mtu. Fundi huona nati haifunguki, naye huchomeka bomba refu katika mkia wa spana ili apate nguvu zaidi. Nguvu hiyo huikuta stadi iliyokwisha choka, nayo hukatika.

SWALI LA KWANZA

Stadi ikikatika, jambo la kwanza si kutafuta keekee ya kutobolea, bali ni kuuliza: ilikatika wakati gani?

Ikiwa ilikatika yenyewe njiani kwa mtikisiko, au wakati wa kukazwa nati, huenda kipande kilichobaki hakijashikwa sana ndani ya tundu lake. Mara nyingine hutoka kwa urahisi, hata kwa kusukumwa mzunguko kwa ncha kali ya tindo.

Lakini ikiwa ilikatika wakati wa kufungua, habari ni nyingine. Maana yake ni kwamba nguvu iliyotosha kuvunja stadi nzima haikutosha kuizungusha. Basi mtu akitoboa kipande hicho na kutia ndani yake chombo chembamba cha kung'olea, atazamie nini? Pale iliposhindwa stadi yenye unene wa milimita 8, chombo chenye unene wa nusu yake hakitashinda kwa nguvu tu. Yapasa kwanza kuvunja ule mshiko wa kutu. Mshiko huo huvunjwa kwa mafuta, kwa moto na kwa muda. Jambo hili ndilo msingi wa kazi yote.

HATUA ZA KAZI

Na uchukuliwe mfano wa matatu iendayo Kangemi, ambayo stadi moja ya bomba lake la moshi imekatika. Dalili yake ni sauti ya kutatarika injini inapowashwa asubuhi, ikipungua injini ikipata moto. Haifai kuiacha hivyo. Moshi unaovuja una hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo yaweza kuingia ndani ya gari na kuwadhuru abiria. Tena stadi moja ikikatika, zilizosalia hubeba mzigo wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza, injini ipoe. Waya wa betri ufunguliwe. Kutu yote ya nje isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kisha yatiwe mafuta mepesi ya kupenya kutu, yaachwe yanywee, yatiwe tena. Inafaa kutiwa jioni na kazi ifanywe asubuhi. Fundi apige stadi kichwani kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi yaliyonyoka, ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Hatua hii ndiyo rahisi kuliko zote kwa gharama, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa mwenye gari husimama kando akihimiza.

Pili, ikiwa kipande kimetokeza nje, kishikwe kwa koleo ya kujifunga, kisogezwe kidogo kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Kisizungushwe upande mmoja tu. Kila kikirudi hupata nafasi ya kumeza mafuta, na kutu husagika ikawa unga. Kikianza kulia kama bawaba ya mlango mkavu, ni ishara njema, kiongezewe mafuta.

Tatu, kikikataa, utumiwe moto. Kabla ya hapo mafuta yafutwe kabisa, na petroli isiwe karibu. Moto uelekezwe kwenye chuma kinachoizunguka stadi, wala si stadi yenyewe, kwa kuwa shabaha ni kutanua tundu. Hapa alumini ina faida, maana kwa joto lile lile hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua. Lakini ina hila pia: alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, kama chuma kinavyofanya. Alumini tupu huyeyuka kwenye digrii 660 hivi za Selsiasi, na ile iliyochanganywa na madini mengine huyeyuka mapema zaidi. Fundi angojaye kuiona ikiwaka huiona ikidondoka. Joto la kufanya tone la maji lichemke na kurukaruka latosha kwa kuanzia. Kisha mshumaa uguswe mahali stadi inapoingia. Nta huyeyuka na kufyonzwa ndani ya hesi, ikawa kilainishi.

Nne, ikiwa stadi imekatika sawasawa na uso wa injini, au imetokeza kidogo tu, njia iliyo bora ni ya kuchomelea nati. Washa huwekwa juu ya kipande, ikachomelewa kwa ndani, kisha nati kubwa kidogo huwekwa juu ya washa na kuchomelewa pia. Mtu hupata kichwa kipya cha kushika kwa spana. Tena moto wa kuchomelea hupita katikati ya stadi yenyewe na kuishtua ile kutu, hata mara nyingi stadi iliyokataa siku mbili hutoka kwa robo saa. Ikatikapo nati mara ya kwanza, irudiwe. Mara ya pili au ya tatu huenda ikafaulu. Waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ufungwe karibu na kazi, ili umeme usipite katika vyombo vya umeme vya motakaa.

KUTOBOA KWA KEEKEE

Ikiwa stadi imekatika chini ya uso wa injini, na hapana mahali pa kushika wala kuchomelea, ndipo keekee hutumika. Mwanzo wa kutoboa ni katikati halisi. Uso wa kipande usawazishwe kwa tupa ndogo, kisha itiwe alama kwa panchi yenye ncha kali. Alama ikipotoka, ikosolewe hapo hapo kabla ya kutoboa, kwa maana kosa la nusu milimita juu hugeuka kuwa kubwa zaidi chini. Tena alumini ni laini kuliko stadi. Ncha ya keekee iliyoteleza hukimbilia kwenye alumini, ikala hesi ya injini na kuiacha stadi ikiwa nzima.

Kuanza ni kwa ncha ndogo, kama milimita 3, kwa mwendo wa polepole, huku mafuta yakidondoshwa. Keekee isimame wima. Yafaa mtu wa pili atazame kutoka upande mwingine, kwa kuwa anayetoboa haoni vema kama ameinama. Kisha ncha zipandishwe ukubwa kidogo kidogo. Ziko pia ncha zinazokata kwa kuzunguka kushoto. Hizo ni nzuri sana, kwa sababu huvuta stadi upande wa kufungua, na mara nyingine stadi hutoka pamoja nayo bila chombo kingine.

Baada ya hapo huja ekstrakta, kile chombo kilichochongoka chenye mifuo ya kushoto. Hutiwa ndani ya tundu na kuzungushwa kwa mpini wenye mikono miwili, ili nguvu iwe sawa pande zote. Hakifai kupigiliwa kwa nguvu nyingi, maana hupanua kipande kama kabari ipanuavyo gogo, kikazidi kubana. Chuma chake ni kigumu mno, na ugumu huo ndio unaokifanya kikatike kama kioo. Kikikatika ndani, ncha ya keekee ya kawaida haiwezi kukitoboa. Hapo taabu ndogo imegeuka taabu kubwa, na hedi haina budi kwenda kwa wenye mashine. Basi fundi akihisi ekstrakta inapinda kama upinde bila stadi kusogea, na aache. Arudie mafuta na moto.

Yakishindikana yote, hutobolewa stadi yote mpaka zibaki kuta nyembamba tu. Kwa stadi ya milimita 8 yenye hesi za kawaida, yaani zenye nafasi ya milimita 1.25 baina ya mfuo na mfuo, ncha ya mwisho huwa ya milimita 6.8. Kwa stadi ya milimita 10 yenye nafasi ya milimita 1.5, huwa ya milimita 8.5. Ikiwa tundu limekaa katikati, mabaki ya hesi ya zamani hutolewa kwa ncha ya sindano kama waya uliojisokota, kisha tepu ya kukatia hesi hupitishwa kusafisha. Ikiwa tundu limekwenda upande, au hesi ya alumini imeliwa, bado kuna dawa: tundu hupanuliwa, hukatwa hesi kubwa zaidi, na ndani yake hutiwa koili ya waya mgumu ambayo huwa hesi mpya ya kipimo kile cha kwanza. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, hesi hiyo huwa na nguvu hata kuliko ile ya alumini.

MAHALI PA KUSIMAMA

Fundi mwema hujua mahali ambapo ujuzi wa vyombo vyake unakoma. Ikiwa hakuna nafasi ya keekee kusimama wima, ni afadhali kufungua hedi na kuipeleka kwa fundi wa mashine ya kutoboa, ambako hufungwa juu ya meza na kutobolewa kwa unyofu. Gharama ya kufungua hedi huonekana kubwa. Lakini mwenye gari na ailinganishe na bei ya hedi nyingine. Fundi amwambie ukweli huo kabla ya kuanza, wala si baada ya kuharibika.

Macho yalindwe kwa miwani wakati wote wa kupiga, kutoboa na kupuliza. Vipande vya chuma ni vidogo, na jicho halina kipuri Grogan wala popote. Gari lisisimamishwe kwa jeki peke yake; liwekewe vigingi imara kabla mtu hajaingia chini.

KUWEKA STADI MPYA

Kazi haijaisha stadi ya zamani ikitoka. Tundu lisafishwe lisibaki unga wa chuma, wala lisijazwe mafuta, kwa kuwa mafuta yakikosa pa kutokea chini ya stadi yaweza kupasua alumini inapokazwa. Stadi mpya ilinganishwe na ya zamani kwa unene, kwa urefu na kwa nafasi ya hesi. Motakaa nyingi za Nairobi zimetoka Japani, na hesi zake ni za milimita. Land Rover za zamani zilizoundwa Uingereza zilikuwa na hesi nyingi za inchi. Ya namna moja ikilazimishwa katika tundu la nyingine, hesi zote mbili huharibika.

Stadi iingie kwa vidole kwanza. Ikikwama kwa vidole, haifai kuendelea kwa spana. Ipakwe kidogo dawa ya kuzuia kushikana istahimiliyo moto, na stadi nyingine zote za bomba lile zikaguliwe, maana zimeishi katika moto ule ule miaka ile ile. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu, kwa spana ya kipimo, na kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Baada ya siku chache za kazi zikaguliwe tena injini ikiwa imepoa.

Kijana aliye gerejini ataona kwamba katika kazi hii yote nguvu nyingi hazikuhitajika mahali popote. Nguvu ndizo zilizoikata stadi. Kinachoitoa ni kujua nini kinaishika, na kukilegeza hicho kabla ya kuvuta. Mwenye gari naye, akimwona fundi ametia mafuta na kukaa chini kungoja, asidhani kwamba fundi huyo ni mvivu. Saa ile ya kungoja ndiyo inayomwokolea hedi yake.